Nani Alimkimbia Nani

Ilford, London
Mwezi wa Shaaban

Kwa kaka yangu mpenzi, Maalim Hafidh,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Namuomba Mungu waraka huu ukukute mzima, wewe na wifi yangu na wote waliomo nyumbani. Goti lako je? Nimesikia umeanza tena kwenda msikitini bila ya bakora, nikafurahi peke yangu jikoni. Sisi huku hatujambo. Presha ya shemeji yako Talib imetulia, na baridi inatutia adabu kama kawaida yake.

Najua utashangaa kuona karatasi, mtu na dada yake wana simu. Lakini wewe unaijua familia yetu. Nikituma sauti kwenye grupu, kabla sijamaliza chai yangu imeshafika Maskati na imeshatolewa fatwa. Jambo hili nataka likufikie wewe peke yako, tena kwa mpango wake, maana hata mimi bado halijanikaa kichwani. Barua atakuletea Bi Shenaz, jirani yetu, anayekuja huko kuwatazama wazee wake.

Uliniuliza mambo mawili: kama ni kweli mwanangu Miraji ameuzwa, na kwa nini kila mkikaa kutazama mpira hamumwoni. La pili ni jepesi, nianze nalo. Hamumwoni kwa sababu mpira anaocheza si huu wetu. Nimeshakwambia kwenye simu, lakini kila nikifika hapo mstari hukatika. Ni ule wa Kimarekani, wa kuvaa helmeti na kupachika mabega ya bandia, na mpira wenyewe umechongoka huku na huku kama papai changa.

Unamkumbuka alipokuja huko mara ya mwisho, hapiti mlango wa uani ila ainame. Mwili ule ndio ulioanza mambo. Hapa skuli alikuwa akicheza kikapu, mwalimu mmoja akamwambia upo mchezo ulioumbiwa watu kama yeye. Wakapeleka video zake Marekani. Haukupita muda akatoka huko kocha mmoja, jina lake Whitlow, akaja mpaka nyumbani kwetu Ilford. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akala biriani kwa mkono, akaumwagia mchuzi mkeka wangu, akaomba radhi mpaka nikamwonea haya. Akatwambia chuo chake ni kidogo na timu yake inafungwa na kila mtu, lakini mtoto wetu atasomeshwa bure, na nyama ya halali ataitafuta yeye mwenyewe. Talib akampa mkono.

Nami nitasema haki: yule bwana aliyoyasema aliyatimiza. Nyama ilipatikana. Miraji alipovunjika kidole, Whitlow ndiye aliyekaa naye hospitali. Mwaka wa kwanza walifungwa vibaya, wa pili wakaanza kushinda, na msimu uliopita mji mzima ulikuwa ukijaa uwanjani. Mimi nilitazama mechi moja kwenye laptopu nisielewe kitu. Nikamuuliza, kazi yako wewe ni ipi? Akasema ni kusimama mbele na kuwazuia watu wasimfikie mwenzake anayerusha mpira. Nikamuuliza, na mpira wenyewe unaushika saa ngapi? Akacheka sana, akasema akirushiwa akaudaka ni makosa, refa atapuliza filimbi. Basi ndiyo hivyo, kaka. Mpwa wako ni mchezaji hodari wa mpira ambaye haugusi mpira.

Sasa nije kwenye hilo la kuuzwa. Zamani mchezaji wa chuo kikuu kule alikuwa halipwi. Kocha akilipwa mamilioni, mchezaji akipewa masomo, kitanda na chakula, na akipokea hata viatu kwa mtu anafukuzwa. Sheria zimegeuka. Siku hizi vyuo vinalipa, na matajiri wanaopenda timu wanalipa, na kila msimu wa baridi mlango hufunguliwa, mchezaji akahamia anakotaka. Timu yenye pesa inachukua wazuri, inashinda; ikishinda inapata pesa zaidi. Na bado wanaitwa wanafunzi! Hapo ndipo ninapopotea. Mwanafunzi anamzidi mwalimu wake mshahara, halafu akifeli mtihani anaambiwa hachezi.

Miraji mwenyewe alikuwa hapati kitu, kwa sababu visa yake ni ya masomo, hairuhusu kazi. Wenzake aliokuwa akiwakinga kwa mwili wake walikuwa wakija mazoezini na magari mapya, yeye anatembea kwa miguu. Hakuwahi kulalamika mbele yangu.

Disemba akarudi kwa likizo, na hapo ndipo akatueleza kuwa kuna chuo kikubwa, kile chenye jezi nyekundu, kinamtaka. Pesa walizotaja zingetosha kuimaliza nyumba hii tunayoilipia tangu yeye hajazaliwa. Nikamuuliza, na visa je? Akasema wamepata njia: kazi isifanyike Marekani. Yupo muuza magari, tajiri wa timu hiyo, atamlipa kwa matangazo, na matangazo yatapigwa hapa hapa London wakati wa likizo. Tulikwenda mpaka Croydon kwa wakili, binti mmoja Kalasinga anaitwa Jaspreet. Akasoma, akasoma tena, akasema inaonekana inawezekana, lakini yeye asingeapa. Talib akaniangalia. Wakili akishasema hivyo, sisi tuseme nini?

Nyumbani tukagawanyika. Talib alisimama kwenye neno moja: usiache mbachao kwa msala upitao. Alisema yule mtu alivua viatu nyumbani kwetu, na yeye Talib alimpa mkono wake. Kazini nikamweleza Varsha, ninayefanya naye zamu ya kuwahudumia wazee, mzaliwa wa Mwanza, Kiswahili chake hakijachuja hata kidogo. Varsha akanishangaa. Akasema baba yake alikuwa na duka, na mteja akija na bei nzuri haikuulizwa nani alitangulia kuja asubuhi. Nikamwambia mwanangu si kitenge. Akanijibu kwamba kitenge angalau hakivunjiki magoti.

Basi kocha akapiga simu, ya kuonana uso kwa uso, na akanitaka mimi, si Miraji. Kaka, yule mwanamume alilia. Alisema timu ile ameijenga juu ya mgongo wa mwanangu, na akiondoka yeye wataondoka wote. Akaniomba kama mama niseme na Miraji. Nami nikasema. Nilimkalisha Miraji kwenye kiti cha jikoni, nikamwambia pesa zinakuja na kwenda, lakini mtu akijulikana kuwa hana shukrani, jina hilo halimtoki. Nilimsemea maneno ambayo mama angeyasema. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa, kisha akasema kwa Kiingereza, "Okay, Mum." Nikamuombea dua na usiku ule nikalala vizuri.

Haikupita wiki. Tulikuwa tunakula, simu yake ikalia, akaisoma, akaigeuza uso chini juu ya meza. Talib akamuuliza kuna nini. Akasema, "Kocha ameondoka." Chuo kingine kimempa Whitlow mshahara mara nyingi zaidi ya ule wake, naye ameshasaini. Wachezaji wote aliwaandikia ujumbe mmoja.

Kumbe mbachao wenyewe, huo msala wetu mkuukuu, ulikuwa umeshaanza kukunjwa, nasi tumeukalia! Nilipata haya, kaka, ambayo sijawahi kuipata. Ulimi wangu ndio aliouazima. Nikampigia asipokee, nikampigia tena mpaka akapokea. Nilikuwa nimejiandaa kwa Kiingereza changu chote. Akaniambia taratibu kwamba na yeye ana watoto. Halafu akasema Miraji amfuate huko aendako, kuna pesa nzuri. Mtu yule yule! Nikakata simu, sikujua hata kama nimeaga.

Baada ya hapo, Talib aliacha kutaja mbachao. Mwaka ulipoingia, Miraji akatwambia watu wa matangazo wanakuja, nikadhani ndiyo kwanza wanakuja kuzungumza. Walikuja na taa zao mpaka jikoni kwangu. Mkubwa wao ni msichana wa Kikenya, Shiku, mchangamfu, akafurahi kusikia Kiswahili nyumbani mwetu. Akafungua begi akatoa jezi nyekundu, mgongoni jina letu, kila herufi mahali pake. Ikamkaa Miraji sawasawa, na wewe unajua kumpatia nguo mtoto yule ni kazi gani.

Nikamuuliza Shiku vipimo wamevipata wapi.

"Ai, mama," akasema, "hii jezi iko na mimi tangu November. Alitutumia vipimo yeye mwenyewe, tukangoja tu afike."

Novemba. Kabla hajarudi nyumbani. Kabla ya wakili, kabla ya machozi ya kocha, kabla ya mimi kumkalisha kwenye kiti na kumpa mawaidha. Nilimwangalia Miraji, naye akajua nimejua. Tukatoka uani, baridi imetukaba, yeye na jezi yake.

"Ulikuwa umeshakubali," nikamwambia.

"Ndiyo, Mama."

"Sasa ulikuja kuniuliza nini?"

Akasema, na hapa alisema Kiswahili, chake kile cha kuvunjikavunjika, "Nilitaka wewe ndiyo uniambie niende. Nikadhani utasema nenda."

"Na nilipokwambia ubaki?"

"Nilitaka kubaki. Dakika kama tano hivi, nilitaka kweli."

Nikamuuliza, je, kocha alijua? Akasema hajui. Inawezekana alisikia, kule kila mtu anasikia. Inawezekana kocha alitafuta pa kwenda kwa kuwa alijua nguzo zake zinaondoka, na inawezekana alikuwa anaondoka zamani na machozi yale ni ya kuishika bidhaa isipungue mpaka yeye apate bei yake. Tangu siku ile nageuza hesabu hii nikikanda unga, nikiwaosha wazee, nikiwa kwenye treni, na mpaka leo sijui nani alimkimbia nani. Na siwezi kumkasirikia mmoja bila ya kumwonea mwingine.

Sasa kaka, hapa ndipo penye jambo lililonifanya nishike kalamu. Tangazo lile litatoka, na vijana wa huko watakuonesha, nami nimo ndani yake.

Tuliporudi ndani, Shiku alisema wangependa na mama aonekane. Yule muuza magari hujinadi kwamba ahadi yake haivunjiki, basi walikuwa wameniandalia maneno, machache tu: kwamba mwanangu nimemlea awe mtu wa kutimiza ahadi. Nilikuwa na kila sababu ya kukataa. Talib alikuwa kazini, anasimamia abiria stesheni, hakuwepo wa kunizuia wala wa kunishika mkono. Nikamtazama Miraji chini ya zile taa. Likubwa lile, limeziba mlango, limeduwaa kama siku niliyompeleka skuli mara ya kwanza akaona nageuka kuondoka.

Nikajitanda mtandio mwekundu walionipa, nikasema. Nikarudia, kwa sababu mwanga haukuwa mzuri. Nikarudia tena. Na kinachonisumbua si kwamba nilisema uongo, Maalim. Kinachonisumbua ni kwamba nilipokuwa nikisema, niliamini. Nilikuwa namaanisha kila neno. Mpaka sasa nikijiuliza ni ahadi gani niliyokuwa naizungumzia, sipati.

Talib nilimweleza usiku ule. Hakugomba. Alisema hataliangalia tangazo hilo, na nisimwombe. Siku ya safari nikadhani hatakuja, lakini asubuhi nikamkuta ameshalibeba sanduku la mtoto mpaka mlangoni. Njia nzima mpaka Heathrow hawakusemezana. Tulipofika pale ambapo wasiosafiri hawapiti, Miraji akasimama mbele ya baba yake, asijue aanzie wapi, kisha akainama, akainama sana, mpaka Talib akaweza kumwekea mkono kichwani. Midomo ya Talib ikawa inatikisika, watu wanatupita na mikokoteni yao. Mtoto akainuka, akatubusu mikono, akaenda.

Kwenye treni ya kurudi nikamuuliza amemwombea nini. Nilidhani atasema uongofu, au shukrani, au aijue thamani ya neno. Akasema, "Nimemwombea asiumie."

Basi. Na mimi sasa siombi jingine.

Ameshaanza mazoezi huko. Anasema Ramadhani atafunga. Kocha mpya kasema wataliangalia. Kuhusu swali lako, kama ameuzwa, sijui nikujibu vipi. Aliyeuza nani, na bei kaipokea nani, yote mwanangu mwenyewe. Wewe umesomesha watoto wa watu maisha yako yote, umewaona walioshika ahadi na walioziacha, na walivyoishia. Ukipata nafasi niandikie unavyoliona, usinionee haya. Ila mbele ya watu, wakikuonesha lile tangazo, tafadhali usiseme kitu. Sema tu, yule ni dada yangu.

Nisalimie wifi sana, nisalimie watoto mmoja mmoja, na jirani wote wanaoniulizia. Talib anakusalimu kwa mikono miwili. Nimempa Bi Shenaz dawa ya kuchulia goti. Jipake usiku, usitoke nayo nje kwenye upepo. Mungu atukutanishe kwa heri, na atufikishe Ramadhani sote tukiwa wazima.

Wasalaam,
mdogo wako akupendaye,

Sheikha