Ubani Mbele ya Kompyuta

Jumatano

Wateja wamerudi, alhamdulillahi! Tangu mtambo wa kutafutia tovuti ubadilishe kanuni zake za kuzipanga, duka letu la kanga la mtandaoni halikuwa na mgeni. Nilishaanza kuogopa kwamba tutafunga.

Mama mkwe alisema ni husda. Akafukiza ubani mbele ya kompyuta mpaka king'ora cha moshi kikalia nyumba nzima.

Mimi nikachunguza kurasa. Kumbe Salum, mume wangu huyu, alijaza maneno "kanga, kanga, kanga" chini ya kila ukurasa kwa herufi nyeupe juu ya weupe, mtambo uyaone, wateja wasiyaone. Sasa mtambo haudanganyiki tena, duka la namna hiyo unalificha! Nikayafuta yote.

Leo oda zimeanza kuingia, ya kwanza ya bibi harusi wa mtaa wa Saltley.

"Si nilikwambieni?" mama mkwe akatamba. "Ubani!"

"Kweli kabisa, Mama," Salum akadakia, mbio mbio. "Ubani."