Githeri ya Tata Kagure na Dawa ya Kichwa

Kathure, uko? Wacha kila kitu. Umekosa sinema hapa Chaka.

Ni ruracio ya Nyawira, siku ya kuleta mahari. Wakwe wametoka Meru, wamefika mapema, na githeri, ile mahindi na maharagwe, bado ni ngumu kama kokoto. Nyawira anachungulia jikoni, anaona tata yake Kagure, yaani shangazi yake, ndiye mpishi, akimwaga tembe za paracetamol kwa sufuria. Pakiti nzima! Ati githeri iive haraka!

"Tata, hiyo ni dawa ya kichwa!"

"Nyamaza wewe. Ni harusi gani hapa Chaka sijapika? Nani alikufa? Na kama kuna mtu anaumwa na kichwa, si atapona?"

Kathure, ATI ATAPONA!

Kumbe baba mkwe, Mzee Thuranira, alikuwa hapo nyuma ananawa mikono. Amesikia yote. Hakufoka hata kidogo. Githeri ilipoletwa, akasimama, akatoa kofia kama mtu anataka kuomba, akasema, "Kwetu mpishi huonja kwanza. Karibu, mama."

Hema yote ikamgeukia Tata. Nyawira anatamani ardhi ipasuke immeze.

Tata akaangalia sahani. Akaangalia watu. Halafu, nakuapia, akasema kwa ile sauti yake ya kanisani:

"Mimi mnisamehe. Daktari alinikataza hizo tembe. Zikizidi zinaharibu ini, na yangu tayari iko na shida."

HIZO TEMBE. Mbele ya wakwe wote!

Saa hii wakwe wanakula mkate na chai, githeri imemwagwa kwa choo, na mbwa ya jirani Mwai imefungwa isije ikaramba sufuria.