Makuruta wa Baba

Baba yangu, shikamoo.

Sauti ya marahaba yako naijua, kwa hiyo naendelea. Sikuandikii ili nilie. Nimeshalia vya kutosha, na wewe machozi marefu yalikuwa yanakukera. Nakuandikia kukusifu, na safari hii huwezi kunikatiza kwa kusema, "Basi, inatosha."

Unakumbuka ulivyoteremka kutoka Machame, mkungu wa ndizi begani, kuja kukifunga chumba changu cha gemu pale Majengo? Mama alikuwa ameshanitonya kwamba unakuja na kwamba umekasirika. Ulisimama mlangoni, ukatazama zile televisheni, mabenchi na vijana waliokodoa macho, ukaniuliza, "Hii ndiyo kazi, mama?" Nikakujibu ndiyo, hii ndiyo kazi. Mvua ikanisaidia, ikakuzuia kutoka. Ulikaa ukinuna, ukanywa chai yangu ukinuna, na kabla kikombe hakijaisha ulikuwa umeshaanza kuwaelekeza watu namna ya kucheza.

Vijana walipenda mpira na mbio za magari. Wewe ulilipenda lile gemu la vita la majoka na mapanga, kwa sababu halikuwa na papara. Askari wako wanasogea kwenye vyumba vya mraba kama vya drafti, wanapiga, halafu wanatulia mpaka adui naye amalize zamu yake. "Kama maji ya mfongo," ulisema, ule mfereji wetu wa kumwagilia. "Zamu ya jirani ikifika unaweka jembe chini, hata kama migomba yako ina kiu." Vidole vyako havikuiweza ile pedi ya kuchezea, tukakubaliana kwamba wewe unaamua na mimi nabonyeza.

Mwanzoni ulivurunda, baba, lazima niseme. Mpanda farasi wetu mzee ulimpa ngao nzuri, kofia nzuri na dawa zote. Makuruta, askari wapya tuliowachukua kwenye mji wa humo ndani, ukawaachia fimbo. Uligawa silaha kama ulivyokuwa ukigawa mbuzi wa Krismasi: kidari kwa mkubwa, wadogo wanafuata kwa umri. Nilikuambia gemu haliendi hivyo, ukanijibu kwamba heshima ni heshima. Tukiwa tunavuka daraja la kwanza tu, kuruta mmoja akaanguka.

"Anaamka lini?" uliuliza.

"Haamki, baba. Humu akifa amekufa. Na nimeshasevu, hatuwezi kurudi nyuma."

Uliweka kikombe sakafuni, ukachukua kofia yako, ukatoka na mvua ile ile bila kuwaaga vijana. Nikadhani umechoshwa na utoto wetu.

Siku ya soko iliyofuata ukarudi. Hata salamu hukumalizia. "Mzee mvue ngao, mpe kuruta. Mzee ana ngozi yake." Tangu hapo tukacheza kivingine kabisa. Mpanda farasi alimchosha adui mpaka akabaki na pumzi ya mwisho, kisha mzee akarudi kando, na kuruta akaja kumalizia, maana anayemaliza ndiye anayepanda levo na kuongezewa nguvu. Tulizunguka mapori yale yale hadi vijana wakapiga miayo. "Mzee, si umalize tu mwenyewe?" walikuomba. Ukawaambia wasubiri zamu yao. Yule mrusha mishale mwembamba ndiye aliyekuwa kipenzi chako. Alipopata shabaha ulimsifu, alipokosa ulimsema kwa Kichagga, na mimi nilikuwa nakucheka waziwazi.

Halafu tukafika ngomeni. Joka lilikuwa limebakiwa na uhai kidogo sana, na zamu ilikuwa ya mpanda farasi. Kwa pigo moja tu tungeshinda. Lakini nyuma, mlangoni, yule mrusha mishale mwembamba alikuwa ameanguka, hajafa bado, na muda wa kumwokoa ulikuwa unaisha. Chumba kizima kilisimama. "Piga, mzee! Piga!"

"Rudi nyuma," uliniambia.

"Baba, tunashinda!"

"Nimesema rudi. Mpelekee dawa."

Nikabonyeza huku roho ikiniuma. Mwembamba akainuka. Joka likapata zamu yake, likamchoma mpanda farasi, likatuchoma sote, na vijana wakashika vichwa. Wewe ulitabasamu kama mtu aliyevuna. "Kesho tutaanza tena," ulisema, maana safari hii sikuwa nimesevu.

Jioni hiyo nilikusindikiza stendi. Kwamba ulikuwa koplo, kwamba ulifundisha makuruta na kwenda nao vitani mpakani, tulijua kwa picha ya ukutani na simulizi za mama tu. Wewe hukuwahi kutuambia neno. Pale stendi, ukiwa umeshashika mlango wa gari, ndipo uliposema, "Mmoja nilimwacha, mama. Ng'ambo ya mto, akiniita. Nilipewa amri ya kusonga mbele, nikasonga." Ukapanda. Sikuwahi kukuuliza tena, nawe hukurudia.

Ngome tuliichukua, unajua. Tuliingia na wote tuliokuwa nao, na hakuna aliyebaki mlangoni. Vijana wa Majengo walikupigia saluti, ukaipokea vizuri kabisa.

Chumba sijakifunga, na sitakifunga. Najivunia kazi yangu, na najivunia kwamba wewe ulikaa kwenye benchi langu mpaka ukaipenda. Lakini kuna jambo hulijui, nalo ndilo lililonikalisha niandike.

Siku tuliyokuzika kihambani, kwenye migomba ya ukoo wetu, alikuja mtu tusiyemjua, ametoka Singida, mguu mmoja hauna nguvu, anatembelea gongo. Alimwamkia mama, akasema, "Mimi nilikuwa kuruta wake. Nilivunjika mguu porini, wenzangu wakapita. Yeye alirudi." Akatueleza kwamba ulimbeba mgongoni mpaka barabarani ukimgombeza njia nzima asilale. Akasema na wengine uliwarudia, akawataja kwa majina. Mama alimshika mikono yote miwili. Miaka yote ile, baba, neno pekee ulilonipa lilikuwa la yule mmoja uliyemwacha.

Watu walimletea kiti, akakataa. Alilibana gongo lake kwapani, akaomba koleo, na hakuliachia mpaka kaburi lako lilipojaa.

Lala, afande. Makuruta wako wamefika nyumbani.

Ni mimi, binti yako