Malodi wa Simu ya Nomsa

La Rochelle, Johannesburg
Julai 2017

Kwako dada yangu Mwanahamisi,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta umekaa uani na mama yuko karibu yako, na hakuna anayeumwa zaidi ya uchovu wa kawaida. Macho ya mama yanaendeleaje? Ile dawa ya matone anaitia, au anaificha chini ya mto kama kawaida yake? Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Baridi ya huku mwezi huu inaingia mpaka kwenye mifupa. Nashona nimejifunga kanga mbili juu ya sweta, wenzangu wananicheka.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Nina jambo ambalo kwenye simu nitacheka au nitalia kabla sijafika mwisho. Kuna mtu wa Pongwe anarudi nyumbani kwa basi, nimempa aibebe. Soma taratibu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitusomea? Mama na jirani zake wanadarizi foronya, mikono yote ina kazi, na wewe katikati umeshika kitabu cha mapenzi ulichoazima kwa wenzako, jalada limeshatoka. Mchumba unampa sauti nzito, mama mkwe sauti ya puani. Jirani yetu Bi Mtumwa alikuwa akimtukana yule mchumba mwongo kana kwamba yuko mlangoni kwetu. Ukifika penye utamu unafunga kitabu, unasema koo limekauka, mpaka uletewe chai. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwatungia wakubwa uzi kwenye sindano. Nilidhani mambo yale yalibaki Tanga.

Hapa ninaposhona tuko watatu. Mwenye chumba ni Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, mjane, mkali wa kazi lakini moyo wake laini. Mwingine ni Nomsa, mwenyeji wa hapa, anatoka Soweto kila asubuhi kwa teksi, ndizo daladala za huku, kuja kukata vitambaa. Huyu Nomsa ana ugonjwa wa vitabu vya kusikiliza. Unakitia kitabu kwenye simu, mtu anakusomea toka mwanzo hadi mwisho. Tena si vitabu vyovyote, ni vya mapenzi ya Uingereza ya miaka mia mbili iliyopita, enzi za magari ya farasi na mabwana wakubwa wanaoitwa malodi. Anayesoma ni mama mmoja wa Kiingereza, anatamka kila neno kwa utulivu kama anayemimina kahawa kwenye vikombe vidogo. Nomsa anaiweka simu ndani ya bakuli la bati ili sauti ikue, nami natafsiri kwa Kiswahili ili Mama Furaha asipitwe.

Mwanzoni nilisema, haya ya Wazungu yananihusu nini? Basi sikia. Msichana hatembei na kijana peke yake, lazima shangazi awepo. Kijana akipenda, anakwenda kwa baba. Watu wanatembeleana, wanakunywa chai, wanasengenya gauni la mwenzao. Jina la binti likichafuka, ukoo mzima unainamisha kichwa. Dada, nilisimamisha cherehani. Nikawaambia, "Hawa ni watu wa kwetu Ngamiani, wamekosa buibui tu!" Nomsa akacheka, akasema hata kwao wajomba huenda kusimama getini kwa kina binti na kuita jina la ukoo mpaka wafunguliwe.

Mama Furaha yeye hana subira. "Sasa ule Lodi iko anangoja nini? Kama anamupenda, aseme!"

"Hawezi, Mama Furaha. Hawajatambulishwa."

"Eh! Mapenzi yenye protokole!"

Tumesikiliza vingi. Vyote vinaishia kwenye harusi, tunajua, na bado tunasikiliza. Siku moja nilimuuliza Nomsa kama hachoki. Akanijibu, "Nikipanda teksi sijui kama nitafika. Hawa najua watafika." Nikakuona wewe na kitabu chako.

Halafu ikaja siku ya fujo. Kwenye simu nilikueleza juu juu ili mama asipandwe na presha. Ilikuwa mchana, tukasikia kelele barabarani, watu wanavunja maduka ya wageni. Nomsa akavuta geti la chuma, akafunga kwa ndani.

Mama Furaha akamwambia, "Nomsa, wewe enda. Wewe ni wa hapa, hawatakugusa."

"Niende wapi? Lodi hajamaliza kusema," Nomsa akajibu, akaingia pamoja nasi chini ya meza ya kukatia. Akapunguza sauti ya simu, akaiweka katikati yetu. Nje vioo vinapasuka, ndani watu wanacheza dansi wamevaa glavu nyeupe. Mama Furaha alishajificha hivi kwao, na habari zile huwa hazisimulii. Nikawa natafsiri kwa kunong'ona, mdomo wangu sikioni kwake.

Simu ikazima, chaji imekwisha. Dada, kimya kile kilinitisha kuliko kelele.

Mama Furaha akanishika mkono. "Endelea."

"Sijui mbele kuna nini."

"Endelea tu, dada yangu."

Basi nikaendelea, kwa sauti zako. Lodi nikampa ile nzito, shangazi nikampa ile ya puani. Nikamwingiza na Bi Mtumwa mle mle dansini, amtukane Lodi mbele ya watu kwa kuchelewa kuposa. Nomsa haelewi Kiswahili sawasawa, lakini ile ya puani aliielewa. Mama Furaha alicheka amejiziba mdomo na kipande cha kitenge, machozi yanamtoka.

Mlango ukagongwa.

"Hodi jamani. Ni mimi Idrisa. Wameshapita."

Idrisa ni mtu wa Pangani, fundi simu wa duka la jirani. Duka lake walikuwa wamelivunja, shati limechanika begani, lakini alikuja kwetu kabla hajaokota chochote chake. Hakuingia. Alisimama mlangoni mpaka tukatoka, akatusindikiza mpaka Nomsa akapata teksi, kisha mimi na Mama Furaha mpaka majumbani kwetu.

Kabla ya hapo tulikuwa watu wa salamu tu. Unajua tangu nilipoachika nikaja huku, wanaume huniambia maneno kama wanaoagiza soda. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwetu ni wapi. Wengi hapa huanza kuishi pamoja, basi, ndiyo ndoa. Juma lililofuata Idrisa alikuja kwetu kazini amevaa kanzu, mchana kweupe, mbele ya Mama Furaha na Nomsa.

Akasema, "Rehema, nataka kukuoa. Lakini hapa mimi sina mzee wa kumtuma, na wewe huna mzee wa kuniuliza maswali. Tufanyeje?"

Sijui ujasiri ulitoka wapi. Nikamwambia, "Nani kakwambia sina? Mimi nina kwetu. Nina mama, nina mjomba, nina dada mkubwa. Nenda ukabishe hodi Tanga."

Nilidhani atakasirika. Akatabasamu mpaka akainama. "Nielekeze nyumba," akasema.

Kwa hiyo, dada, baba yake mdogo atakuja kutoka Pangani. Mpokeeni wewe na mjomba. Muulizeni yote: kama Idrisa ana mke mahali, kama anaswali, hasira zake zikoje. Mama mkalisheni karibu na mgeni. Kama haoni uso, atamjua mtu kwa sauti.

Nisalimie mjomba wetu aliyetulea, shemeji yangu seremala, wanao wote, na wifi wa Muheza. Mama mwambie nambusu mikono, aitie ile dawa.

Na huyo mzee akija, msimkubalie siku hiyo hiyo. Mpeni chai, mwambieni mtafikiria, mwacheni arudi Pangani na wasiwasi wake. Huku nami nitamwacha Idrisa ahangaike kidogo, inapendeza. Lakini akirudi mara ya pili, dada, nakuomba, usimkatae.

Ni mimi mdogo wako,
Rehema