Viatu Vilivyopotea Msikitini

Ijumaa

Nilitoka kuswali nikakuta viatu vyangu havipo mlangoni. Vilibaki vinavyofanana navyo, bapa ndani kama nyayo zangu. Nilikasirika! Tangu fundi viatu aniwekee ndani ya vyangu kinundu cha kuinua unyayo, kazini nazunguka foleni ya malori mpaka mwisho bila kuchechemea. Nikajua kesho maumivu yanarudi.

Alasiri akaja Mzee Shabani, muuza vitenge, amevaa viatu vyangu, anacheka. "Shehe wangu, nisamehe, nimekosea. Lakini nimefika dukani kisigino hakijauma! Umeweka nini humu?"

Kumbe naye ana nyayo bapa! Nikampeleka kwa fundi. Mzee akakanyaga kipande cha boksi kwa mguu wenye maji, alama ikatoka nzima kama chapati. Kama yangu kabisa. Tulicheka mpaka machozi.

Nimemwomba fundi jambo moja tu: akiweka kinundu kwenye viatu vya mzee, avishone kwa uzi mwekundu.