Pasipoti Usimshikishe Mwenzako

Marahaba, mke mwenzangu Zuhura. Babu yako hajambo, ila goti bado linamsumbua. Mama yako yuko dukani Kariakoo, anakusalimu.

Umeniuliza kwa nini sikufurahi kwenye simu uliposema wewe na wenzako mtatoka hapo Ujerumani, mpite Uholanzi na Ubelgiji hadi Ufaransa, na kwamba rafiki yako Neema atawashikia nyote pasipoti. Niliogopa, mwanangu.

Ujanani tulikuwa tunafuata vitenge Zambia, wanawake sita wa hapa Kariakoo. Desturi yetu, mkubwa wa msafara ndiye aliyeweka pasipoti zote kwenye mkoba wake. Siku moja pale mpakani Tunduma nikatafuta kitenge cha kunipendeza, duka hadi duka, kumbe nimeshavuka mpaka bila kujua. Askari akanishika mkono.

“Pasipoti?”

“Anayo dada yetu.”

“Nani hapa anakujua?”

Nikageuka huku na huku. Sikuona sura hata moja niliyoifahamu.

Ya kituo cha polisi nilikolala tuyaache. Wenzangu walinipata kesho yake.

Sasa wewe unaniambia huko mpaka hauonekani kabisa, treni inapita tu. Hapo ndipo hofu yangu inapozidi. Nenda, mama, ukaone dunia, ila pasipoti yako kaa nayo mwilini, hata ukisinzia. Mimi hapa mtaani Msimbazi wananijua hadi wauza maji, lakini nikienda kununua nyanya tu, kitambulisho kiko kifuani.

Bibi yako,
Mwanahawa