Macho ya Mama Yametulia

Moshi, Jumapili mchana

Kaka Elia,

Shikamoo. Wifi na watoto hawajambo? Alizeti mmeshavuna, au bado iko shambani? Huku tuko wazima wa mwili. Nimeona niandike, maana nikikupigia simu mama huwa amekaa hapo hapo anasikia.

Nianze na macho ya mama. Sindano zimekwisha na daktari amemwangalia tena. Kisukari kilikuwa kimeharibu mishipa ya nyuma ya jicho, ila sasa haivuji. Mama anaona. Jumatatu alinyoosha kidole kwenye kona ya dari: "Tabu, huna hata aibu! Buibui anakaa kwako bila kulipa kodi." Nilicheka, nikachukua ufagio.

Unakumbuka tulivyokuwa tunasema huko nyumbani Kinyangiri. Akimwita mjukuu kwa jina la marehemu mjomba, ni macho. Akimeza vidonge vya sukari mara mbili, ni macho.

Alhamisi asubuhi nilimpelekea uji uani, kwenye mwanga. Akaniangalia usoni, akainuka kidogo kwenye kiti.

"Shikamoo, dada."

"Mama, ni mimi, Tabu."

"Tabu bado mdogo, yuko shule. Wewe umetoka lini Iguguno?"

Dada yake wa Iguguno tulimzika sote. Nikamsogezea kikombe. Mama akakasirika: "Nimekuamkia, dada, mbona huitikii?"

Nikasema marahaba. Akatulia, akanywa uji wote.

Nilimweleza daktari. Akasema hilo si la jicho, ni la ubongo, na kwa wazee walioishi na sukari miaka mingi mambo haya mawili mara nyingi huenda pamoja. Watampima zaidi, lakini nisitegemee dawa ya kumrudisha alivyokuwa. Nikasema asante. Sijalia. Nimefua, nimepiga pasi, nimekwenda kazini.

Kaka, uliwaambia watu kwamba macho yakipona mama atarudi nyumbani kwake. Anaona, lakini hawezi tena kukaa peke yake na moto na vidonge. Nitamleta awaone, kisha tutarudi huku wote wawili. Ukikataa, niambie nani atalala naye huko kila siku.

Msalimie wifi, na shangazi yetu umwamkie kwa niaba yangu. Msalimie pia Mama Neema, jirani aliyeachiwa kuku wa mama. Mwambie asiendelee kumtunzia mama. Kuku sasa ni wake yeye.

Mdogo wako,
Tabu